Barua ya wazi: Waambieni wenye majina

Kwa Afisa wa Ulinzi wa Data,
Kampuni ya bima ya afya (jina nalisitiri, kwa leo),
Nairobi.

Bwana Afisa,

Kwa heshima zote. Jumatatu jedwali la madai ya matibabu ya wafanyakazi wa mteja wenu lilinifikia kwa baruapepe, mimi nisiyehusika, mara ya tatu sasa. Mara ya pili mliahidi kwa maandishi kwamba "mfumo umeimarishwa". Hongereni.

Dakika chache baadaye ikaja taarifa kwamba mtumaji angependa kuirejesha barua yake. Urejeshaji wa Outlook, programu yenu ya baruapepe, hufanya kazi ndani ya shirika moja. Barua ikishatua Gmail hairudi. Mnachofanya ni kumgutusha mgeni kwamba ile ya kwanza ina siri. Kisha likaja ombi la radhi: mtu kaifowadi barua ileile, kaweka samahani juu, na jedwali bado linaning'inia chini! Ya tatu ikawa ya wakili: futa, la sivyo.

Nimefuta. Lakini kufuta kwenye Gmail ni kutupa pipani, na pipa hukaa na barua siku 30. Hakuna aliyeniuliza kama nimelimwaga, kama simu ilishapakua faili, kama kuna anwani nyingine inayopokea nakala. Hayo ndiyo ya kuuliza, na kwa upole, maana mnayemtisha ndiye mnayemhitaji.

Chanzo nakikisia: herufi tatu za kwanza, programu inajaza jina lililozoeleka, kidole kinabonyeza kabla jicho halijafika kwenye @. Dawa yake haina gharama. Kila barua isubiri dakika 2 kabla ya kutoka. Anwani ya nje itoe onyo. Faili lifungwe kwa nenosiri, nalo lisomwe kwa simu, si kutumwa kwa anwani ileile iliyokosewa. Na ile safu mliyoificha kwenye Excel hufunuliwa kwa kubofya mara mbili. Ina namba za vitambulisho, kama hamkujua.

Msiniambie ni kosa dogo. Mwaka 2015 kliniki moja ya London ilituma jarida kwa watu 781 wa huduma yake ya VVU, anwani zote zikiwa wazi badala ya kuwekwa kwenye Bcc, sehemu inayoficha anwani za wapokeaji. Mwaka uliofuata wenye kliniki walitozwa faini ya pauni 180,000.

Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 mnakijua kuliko mimi: penye hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mlipojua, si tangu kamati ilipokaa. Na wenye taarifa waandikiwe.

Mimi mmeniandikia barua tatu. Wale wa kwenye jedwali, ambao safu ya nne inataja ugonjwa wa kila mmoja, mmewaandikia ngapi? Radhi yenu siidai. Waambieni wenye majina. Leo, Bwana Afisa. Waambieni.

Mpokeaji asiyekusudiwa