Harambee ya vipimo kwa wagonjwa wetu wa skleroderma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa washarika, pamoja nanyi wana wa Njombe mlioko Dar es Salaam, Mbeya, Dodoma na ughaibuni.

Kamati ya diakonia inawaandikia kuomba mchango ambao, tukisema ukweli, ni mgumu kuombwa. Sisi watu wa huku kwenye msiba hatujambo. Mtu akifariki, kabla mwili haujatoka mochwari daftari la rambirambi limeshajaa na kuni zimeshashushwa uani. Akilazwa, tunachanga pia. Lakini mtu anayetembea mwenyewe, anayekuja ibadani amejifunga kitenge chake vizuri, ukisema anahitaji laki kadhaa za kupiga picha ya mapafu, utaulizwa: "Kwani huyo naye anaumwa?" Harambee hii ni ya watu wa namna hiyo, na tunaomba mtoe wakiwa bado wanatembea.

Ni akina mama watatu wa jimbo letu waliothibitishwa kuwa na skleroderma. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Mishipa midogo ya damu hubana, kisha ngozi na viungo vya ndani huanza kujenga makovu na kukakamaa. Unawapata wanawake zaidi kuliko wanaume, mara nyingi katika umri wa kati, wakati mtu ana watoto shuleni na shamba linamtegemea. Wametukubalia tueleze hali zao bila kutaja majina. Hauambukizi. Si ukoma wala si wa kurogwa. Tunalisema hili wazi kwa sababu wote watatu wameshaambiwa hayo, na mmoja alitengewa kikombe chake ukweni.

Kinachouponza mtu katika ugonjwa huu ni jinsi dalili zake zinavyokuja zimetawanyika. Vidole vinauma, unaambiwa ni baridi. Kifua kinawaka baada ya kula, unapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Kikohozi kikavu hakikomi, unapimwa makohozi ya kifua kikuu, hayana kitu, unarudishwa nyumbani. Viungo vinakaza asubuhi, unaambiwa ni baridi yabisi. Kila dalili ina mlango wake na foleni yake, na hakuna anayeziweka zote mezani kwa pamoja. Hatumlaumu mganga wa zahanati anayeona wagonjwa tangu asubuhi hadi jioni. Huenda hajawahi kukutana na ugonjwa huu hata mara moja.

Mama wa kwanza alianzia vidoleni, miaka mingi nyuma. Asubuhi za Juni akigusa maji ya bomba ili amenye viazi, vidole hufa ganzi, ncha zinapauka, baadaye zinageuka zambarau, na damu inaporudi zinawaka moto kiasi cha kumliza. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliieleza hali hiyo mwaka 1862 na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wa skleroderma wanayo, na kwa wengi ndiyo inayotangulia. (Wenye hali hiyo wengi hawana skleroderma, msije mkaingiwa na hofu bure.) Kwenye ngozi nyeusi rangi hizo hazionekani kirahisi, tazama viganja na chini ya kucha. Kwake ngozi ilikakamaa vidoleni na usoni tu, mabega na kifua vikabaki laini. Akaota vijidoa vyekundu usoni na vinundu vigumu vya chokaa kwenye ncha za vidole, ambavyo hupasuka na kutoa ungaunga mweupe. Aina hii huenda polepole, na kwa sababu hiyo watu huidharau. Hatari yake hujificha: baada ya miaka mingi presha inaweza kupanda ndani ya mishipa inayopeleka damu mapafuni, na moyo ukachoka. Presha hiyo haionekani kwa mashine ya kufunga mkononi. Inatafutwa kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, na inafaa kurudiwa kila mwaka hata kama mgonjwa anajisikia vizuri.

Mama wa pili yake ilikuja kwa kishindo. Ndani ya miezi mikono ilivimba, pete ikabidi ikatwe, kisha uvimbe ukapungua na ngozi ikabaki imewambwa kama ya ngoma, kutoka vidole hadi mabegani, kifuani na mapajani. Leo kiongozi akisema "tuombe", viganja vyake havikutani. Vidole vimepinda, katikati panabaki nafasi ya kupitisha yai. Tonge la ugali analisokota kwa shida, na mdomo umekuwa mdogo hata kijiko kikubwa hakiingii, anatumia cha chai. Kwenye paji la uso na kifuani ametokwa na madoa meupe yenye vitone vyeusi kuzunguka vinyweleo. Madoa haya ni ya kawaida kwa wagonjwa weusi, lakini yeye yamemletea maneno kwamba alikuwa anapaka mkorogo. Akina mama wenzake, hilo jamani tuliache.

Kwa aina hii ya pili miaka michache ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi, na katika kipindi hicho figo zinaweza kushambuliwa ghafla. Presha hupanda kwa siku chache, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, mkojo unapungua. Zamani wengi waliofikwa na hali hiyo walikufa ndani ya mwaka. Tangu dawa za presha za jamii ya kaptoprili zilipoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970, wengi wanapona wakiwahiwa. Wakiwahiwa, tunasisitiza, kwa hiyo mashine ya presha lazima iwe nyumbani kwake. Iliyoko zahanati, ambako anakwenda siku akipata bodaboda, haitoshi. Tunawasihi pia, na hili halihusiani na pesa: msimnunulie mgonjwa wa namna hii prednisoloni au deksa dukani ili "maumivu yapungue". Dozi kubwa za dawa hizo zinamweka karibu zaidi na balaa hilo la figo. Daktari anaweza kuziandika kwa kiasi kidogo na kwa uangalizi, hiyo ni kazi yake.

Wa tatu mnamfahamu kwa sauti, wengine wenu mmeimba naye. Alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya, na kilichomshtua ni kwamba mstari aliokuwa akiumaliza kwa pumzi moja ulianza kumkatikia katikati. Kupanda kimlima cha kutoka sokoni kukawa ni kusimama kila baada ya nyumba chache. Ngozi yake hata leo ukimwona hutasema ni mgonjwa. Ni mapafu ndiyo yanayoota makovu, na kovu likishakaa halirudi kuwa pafu. Dawa ya kutuliza kinga ya mwili kama maikofenoleti inaweza kupunguza kasi, ila imkute bado ana mapafu ya kulinda. Magonjwa ya mapafu ndiyo yanayoongoza kuua wenye skleroderma, nayo huanza kimya kimya. Siti-skani ya kifua, yaani picha ya mashine inayoonyesha mapafu tabaka kwa tabaka, huyaona kabla picha ya kawaida ya eksirei haijaonyesha kitu.

Watatu hao, kama mnavyoona, hawafanani. Mnayoweza kuyakuta kwa wote ni vidole vya baridi, kiungulia kinachopanda hadi kooni wakilala, chakula kinachokwama kifuani wakimeza, na uchovu. Tusiuchukulie uchovu huo kuwa uvivu. Mama wa pili anasema akimaliza kuoga na kujifunga kanga huwa analazimika kukaa kitandani kwanza kabla ya kutafuta viatu. Wanafamilia wengi huona mikono, wakasahau kwamba uchovu ndio unaomwondoa mtu shambani mapema kuliko vidole.

Sasa pesa. Madaktari bingwa wa magonjwa haya ni wachache nchini, hivyo safari ni Muhimbili, au Moshi kwenye hospitali ya KCMC ambako kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Kutoka huku ni basi la siku nzima, mgonjwa hawezi kwenda bila msindikizaji, na vipimo havitoki siku moja, kwa hiyo kuna kulala. Bima waliyo nayo haifiki huko. Lengo letu ni shilingi milioni 12, zitakazowatosha wote watatu kwa mwaka mmoja: eko, siti-skani, kipimo cha pumzi, damu na mkojo kwa ajili ya figo, nauli na malazi ya wawili wawili, pamoja na dawa. Dawa ndizo zitakazokula sehemu kubwa, hasa ya mapafu. Nifedipini ya kufungua mishipa ya vidole na omeprazoli ya kiungulia si za bei kubwa, lakini hazina siku ya kumaliza, na mgonjwa anayemeza wiki mbili kisha akaruka mwezi kwa kukosa hela anaweza kupata vidonda kwenye ncha za vidole ambavyo hukaa miezi bila kupona.

Kuna waliouliza kwa nini tusinunue vifaa vikubwa, tukaviweka hospitali yetu ya karibu. Wazo ni zuri, ila kamati imelikataa kwa sasa. Mashine bila mtu wa kuisoma itafunikwa kitambaa. Tuanze na nauli.

Wasio na fedha wanaweza kuleta glavu za sufu, soksi nzito, kofia, chupa za chai na majiko ya mkaa yanayofaa kuchemshia maji. Kwa mgonjwa huyu maji ya uvuguvugu ya kuoshea vyombo ni sehemu ya tiba. Vijana wa usharika, mnaweza kujitolea kuwatekea na kuwachotea maji asubuhi za Juni hadi Agosti. Daktari hataandika hilo kwenye cheti, lakini linaokoa vidole.

Harambee itafanyika baada ya ibada ya pili, Jumapili iliyo karibu zaidi na 29 Juni. Tarehe hiyo huadhimishwa duniani kwa ajili ya skleroderma kwa sababu ndiyo aliyofariki mchoraji Paul Klee, mwaka 1940 huko Uswisi, akiwa na ugonjwa unaoaminika kuwa huuhuu. Mwaka mmoja kabla, akiwa mgonjwa, alitoa kazi zaidi ya 1,200. Kwetu tarehe hiyo inaangukia kwenye baridi kali, kwa hiyo mtakaokuja mtaelewa haraka tunachozungumzia.

Bahasha za ahadi zipo kwa wazee wa kanisa wa kila mtaa. Mlioko mbali, namba ya kulipia mtapewa na mwinjilisti wa mtaa wenu au mtunza hazina, na jina litakalotokea ni la usharika. Likitokea jina la mtu, msitume. Ahadi zikamilike kufikia mwisho wa Agosti. Fedha zinatolewa kwa saini mbili, moja ni ya mchungaji, na matumizi yatasomwa kwenye matangazo kila mwezi, risiti zikiwa ofisini kwa anayetaka kuzikagua.

Mazao ya mnada, yaani viazi, njegere, parachichi, kuku na chochote Bwana alichokujalia, yaletwe Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri, mama wa usharika atayapokea na kuyaandika. Viazi tunaomba vikung'utwe udongo kabla ya kuingizwa, maana mara iliyopita akina mama wa zamu walipiga deki hadi saa tatu usiku.