Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Rekodi Gani Hasa?

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati naleta mbele yenu taarifa ya mwaka. Mikutano ya kila mwezi ilifanyika yote. Hesabu atazisoma mhazini mwenyewe, kwa hiyo sitazigusa. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo lililotusumbua kuliko mengine, maana linagusa kazi yenyewe ya chama cha wasikilizaji wa muziki wa klasiki: mtu anaposema "sikilizeni rekodi hii", wenzake wanasikiliza ipi?

Chukueni pendekezo lililoandikwa "Tisa ya Beethoven, Furtwängler", yaani Simfoni Na. 9. Mwongozaji wa okestra Wilhelm Furtwängler ameacha rekodi kadhaa za simfoni hiyo, zikiwemo ya Berlin ya Machi 1942, ya Bayreuth ya tarehe 29 Julai 1951 na ya Lucerne ya Agosti 1954. Hiyo ya Bayreuth peke yake ina sura mbili: moja iliyotolewa na kampuni ya EMI, nyingine iliyotoka kwenye mkanda wa redio ya Bavaria na kutolewa na kampuni ya Orfeo miongo mitano baadaye. Ukizisikiliza sambamba hazilingani kila mahali. Kwa mwongozaji mwingine, Herbert von Karajan, hali ni nzito zaidi. Simfoni zote tisa za Beethoven alizirekodi kwa ukamilifu mara nne kwa ajili ya santuri na CD, kwanza na okestra ya Philharmonia, kisha mara tatu na okestra ya Berliner Philharmoniker: 1961–62, 1975–77, na tena miaka ya 1980. "Ile ya Karajan" si anwani, ni mtaa mzima.

Mapendekezo mengi yaliyozua ubishi mwaka huu yalikuwa ya aina hiyo. Watu walibishana kuhusu ladha, kumbe kila mmoja alikuwa na rekodi yake masikioni.

Kwa sababu hiyo kamati imeandaa kadi ya pendekezo. Haina urembo. Inataka jina la mtunzi, kazi pamoja na namba yake ya katalogi (orodha ya kazi zote za mtunzi), wapigaji na waimbaji wakuu, mwongozaji, okestra, mahali na mwaka wa kurekodi, lebo (kampuni iliyoitoa) na namba ya toleo, na urefu wa kila sehemu kwa dakika na sekunde. Mambo mawili katika orodha hiyo huwakwaza wengi, kwa hiyo nayaeleza.

La kwanza ni mwaka. Nyuma ya jalada la CD kuna alama mbili: herufi P ndani ya duara na herufi C ndani ya duara. P inahusu kutolewa kwa sauti yenyewe, C inahusu maandishi na picha za jalada. Hakuna hata moja inayokwambia muziki ulipigwa lini. Rekodi ya 1951 inaweza kubeba P ya 1955 na C ya mwaka wowote ilipochapishwa upya. Tarehe ya kurekodi hupatikana ndani ya kijitabu, mara nyingi ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo kabisa. Ikikosekana, andikeni "haikutajwa", wala msibuni kutokana na C.

La pili ni urefu. Huu ndio alama ya kidole ya rekodi. Matoleo mawili ya upigaji uleule hutofautiana kwa sekunde chache tu, kwa sababu ya kimya kilichoachwa mwishoni. Tofauti ikifika nusu dakika, ama ni upigaji mwingine, ama marudio (vipande ambavyo mtunzi ametaka vipigwe mara mbili) yamerukwa, ama kasi ya mashine haikuwa sawa. Mfano mzuri ni Goldberg Variations za Bach (BWV 988, BWV ikiwa katalogi ya Bach) kwa mikono ya Glenn Gould. Ile ya 1955 ina dakika 38 na ushei, ile ya 1981 ina dakika 51 hivi. Aria ya kufungulia peke yake haifiki dakika 2 katika ya kwanza, na katika ya pili inapita dakika 3. Mpiga piano ni yuleyule na studio ni ileile ya New York. Sehemu ya pengo hilo ni mwendo, na sehemu ni marudio: mwaka 1955 aliyaacha karibu yote, mwaka 1981 alirudisha baadhi.

Namba za kazi nazo zina mitego. Simfoni ya Dvořák ya "Ulimwengu Mpya" ni Na. 9, lakini majalada ya zamani huiita Na. 5, kwa kuwa simfoni zake za mwanzo hazikuhesabiwa. Simfoni kubwa ya Schubert katika C meja utaikuta ikiitwa Na. 7, 8 au 9, andikeni D. 944, namba ya katalogi ya Schubert, na ugomvi unaisha. Herufi K. ni ya katalogi ya Mozart, ila hata sonata za Domenico Scarlatti hubeba K. ya mpangaji Kirkpatrick, na matoleo ya kale hutumia L. ya mpangaji Longo, yenye namba tofauti kabisa. Kwa Bruckner, namba haitoshi: Simfoni Na. 8 lazima mtaje kama ni muswada wa 1887 au wa 1890, na kama ni 1890, ni uhariri wa Haas au wa Nowak, maana katika Haas kuna kurasa ambazo Nowak hana.

Kuhusu kuonyesha mahali pa kusikiliza, dakika na sekunde hazisaidii mwenye rekodi nyingine. Taja tukio la muziki. "Sehemu ya kwanza ya Simfoni Na. 5 ya Beethoven, pale obo (ala ya kupuliza) inapobaki peke yake" inafika kila mahali, iwe kwa Carlos Kleiber na Wiener Philharmoniker (1974) au kwa Arthur Nikisch na Berliner Philharmoniker (1913). Kisha sema kinachotokea pale. Je, obo inaachiwa nafasi ya kupumua au inasukumwa? Sentensi mbili za namna hiyo zina faida kuliko ukurasa wa sifa. Maneno "bora kuliko zote" kamati imeomba yasitumike kwenye kadi, nami naunga mkono kwa moyo wote. Hayamwambii mtu asikilize nini.

Vikao vya kulinganisha vilipendwa, na ndivyo vilivyoonyesha makosa yetu waziwazi. Kosa kubwa lilikuwa ukubwa wa sauti. Sikio huona rekodi iliyo juu kidogo kuwa nzuri zaidi, yenye uhai na uwazi, hata tofauti ikiwa desibeli 1 tu. Kura nyingi za mwanzo wa mwaka, kwa maoni yangu, zilikwenda kwa sauti ya juu na si kwa mwongozaji. Utaratibu wa sasa ni huu. Msimamizi huchagua kipande kilekile cha dakika 3 au 4 kutoka rekodi zisizozidi tatu. Huweka kipimo cha sauti kwenye kiti cha katikati, kisha hupima wastani wa kipande kizima. Kilele pekee hakitoshi, kwa sababu rekodi za zamani vilele vyake vimebanwa. Tofauti ikizidi nusu desibeli hurekebisha. Rekodi hupewa herufi A, B na C, na majina husomwa baada ya kura. Mwishoni A hurudiwa, kwa sababu iliyopigwa kwanza huonekana ngeni na kuhukumiwa vibaya.

Jambo dogo kuhusu kimo cha noti: okestra nyingi za ala za kale hupiga noti A kwa Hz 415 badala ya 440, yaani karibu nusu toni chini. Hilo si kosa la mashine, msilirekebishe. Uhamisho wa santuri za 78, yaani kunakili santuri za zamani kwenda CD au faili, ni suala jingine, maana santuri nyingi za mwanzo hazikurekodiwa kwa mizunguko 78 kamili kwa dakika. Kasi ikipotoka kwa asilimia 6, muziki mzima umehama nusu toni na mwendo umebadilika pamoja nao. Mtu anayesifu "mwendo wa moto" katika uhamisho kama huo huenda anaisifu mota.

Sasa maktaba ya kuazimana. Santuri zilizorudi zimekwaruzwa zilikuwa nyingi kuliko inavyovumilika, na sababu ni chache. Santuri za 78 zilizotengenezwa kwa shelaki (aina ya utomvu mgumu) hazisafishwi kwa spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha shelaki, na weusi unaotoka kwenye kitambaa ni muziki wenyewe. Tumieni maji yaliyochujwa kwa mvuke na tone la sabuni laini, kisha suuzeni, na lebo ya karatasi isilowe. Spiriti kidogo ndani ya maji inafaa kwa santuri za vinili (plastiki) pekee. Sindano nazo hazifanani: mfuo (mstari sindano inamopita) wa 78 unahitaji ncha ya mikromita 75 hivi, wa mono 25, wa stereo 18. Sindano ya stereo ikiwekwa kwenye 78 inatambaa chini kabisa ya mfuo, palipojaa takataka, na unachosikia ni mchanga.

Wengi waliolalamika kwamba santuri "imeharibika mwishoni" walikuwa na santuri nzima kabisa. Kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mfuo wa pembeni hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde, ule wa ndani kwa 21 hivi. Mawimbi yaleyale yanabanwa katika nafasi isiyofika nusu. Muziki wetu nao una tabia ya kuweka kilele mwishoni, kwa hiyo kelele kubwa zaidi ya simfoni inaangukia mahali finyu zaidi pa santuri. Kabla ya kulaumu aliyeazima mbele yako, angalia sindano kama imechakaa, pima uzito wake kwa mizani ndogo (nyingi hutaka gramu 1.5 hadi 2, fuata karatasi ya mtengenezaji), na hakikisha imekaa sambamba na mfuo. Uzito mdogo mno ndio unaokata santuri, maana sindano inarukaruka. Watu huwa hawaamini hili.

Kwa faili, maamuzi ni mafupi. Nakala za hifadhi ni FLAC, aina ya faili la sauti. Sauti ya CD isiyobanwa hula karibu megabaiti 10 kwa dakika, FLAC hupunguza hadi nusu hivi bila kutupa chochote, na MP3 hutupa kisichorudi. Programu ya kusawazisha sauti iwekwe kwa albamu nzima, isiwekwe kwa wimbo mmojammoja. Ikisawazisha kila sehemu peke yake, sehemu ya polepole inapandishwa hadi ilingane na ya mwisho, na kazi ya mwongozaji imefutwa. Anayechoma CD achague kuchoma diski nzima kwa mkupuo. Akichoma sehemu moja baada ya nyingine, mashine huingiza kimya cha sekunde 2 katikati, na pale sehemu ya tatu ya Simfoni Na. 5 ya Beethoven inapopaswa kulipuka moja kwa moja ndani ya ya nne, unapata shimo.

Kuhusu haki, chama hakitasambaza nakala ya rekodi inayolindwa. Tunaazimana diski halisi, au tunaelekezana mahali halali pa kusikiliza. Katika Umoja wa Ulaya rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 zimetoka kwenye ulinzi. Marekani sheria ya 2018 iliziachia zilizotolewa kabla ya 1923 kuanzia tarehe 1 Januari 2022, na za 1923 hadi 1946 hulindwa kwa miaka 100. Kumbukeni kwamba rekodi na utunzi ni haki mbili. Sibelius alifariki 1957, na palipo na ulinzi wa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, utunzi wake unalindwa hadi mwisho wa 2027 hata kama rekodi yenyewe imeshakuwa huru.

Hoja mbili zinahitaji kura yenu. Ya kwanza: pendekezo lisilo na kadi kamili lisipangiwe kikao. Ya pili: santuri za shelaki ziondolewe kwenye kuazimana na zisikilizwe kikaoni tu, zikiendeshwa na msimamizi. Kamati inaunga mkono zote mbili, ingawa kwa ya pili kura za kamati zilikaribiana.

Kikao cha kwanza cha mwaka mpya kitahusu suiti za Bach za selo (BWV 1007–1012), tukianza na rekodi za mpiga selo Pablo Casals za 1936–1939. Watakaoleta rekodi nyingine wamfikishie katibu kadi zao siku saba kabla, wakiwa wameandika urefu wa kila sehemu.