Barua kwa Mwanaidi: mayai yapitishe motoni

Treviso, Italia, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. U hali gani? Mama na miguu yake? Watoto? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Baridi imeshaingia, na leo ukungu haukuondoka mpaka adhuhuri.

Najua unanidai barua tangu Machi. Mwezi ule Nonna, yule bibi mzee niliyekuwa nikimtunza hapa, alitutoka. Miaka sita tulikuwa chini ya paa moja, namwogesha, namlisha, tunagombana kwa ajili ya chumvi. Alipoondoka nikajiona nimefiwa kwenye nyumba isiyo yangu, na wa kunipa pole hawafiki watano. Kila nikishika kalamu nikuandikie, machozi yanatangulia. Basi niwie radhi, shoga. Sikukusahau hata siku moja.

Ujumbe wako wa juzi ndio ulioniamsha. Unataka kutengeneza tiramisu, kile kitamutamu cha Kiitaliano cha mayai, jibini laini na kahawa, siku ya arobaini ya mtoto wa Zuhura, wageni ishirini, na Bi Fatuma keshasema hicho ni chakula cha pombe, hakivuki kizingiti chake! Nimeusikiliza mara tatu. Nimefurahi, na nimeingiwa na hofu pia. Hofu yenyewe ni mayai, nitaifikia.

Kwanza Bi Fatuma. Mwambie kwa heshima zake zote kwamba tiramisu ya asili ya mji huu haina pombe. Ni kweli wengi hutia mvinyo wa Marsala au ramu, na mahoteli ya pwani yetu yanayopikia watalii hufanya hivyo hivyo. Lakini mkahawa uliokitia chakula hiki kwenye meza za watu, Le Beccherie, uko hapa hapa Treviso, na mapishi yake yaliandikwa mbele ya mthibitishaji wa hati mwaka 2010 na kuwekwa kwenye Accademia Italiana della Cucina, chama cha kulinda mapishi ya Kiitaliano: viini 12 vya mayai, sukari nusu kilo, maskarpone (ndiyo hiyo jibini laini) kilo 1, biskuti 60 za savoiardi, zile ndefu nyepesi, kahawa na kakao. Basi. Hata ute wa mayai haumo. Na maskarpone yenyewe haigandishwi kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama kama jibini nyingine. Ni malai ya maziwa yaliyopashwa moto yakatiwa asidi, kama ndimu. Asome tu kibandiko cha pakiti ya biskuti, maana viwanda vingine hutia vionjo vyao. Nadhani hapo atatulia.

Tena mwambie hadithi hii, kwa sababu ataipenda. Hapa wanasimulia kwamba Alba Campeol, mke wa Ado Campeol mwenye mkahawa, alipojifungua alikuwa dhaifu sana, na mama mkwe wake akamrudishia nguvu kwa viini vya mayai vilivyopigwa na sukari, pamoja na maskarpone na kahawa. Alipopona akaenda jikoni na mpishi wa vitamutamu, Roberto Linguanotto, wakafikiria namna ya kukifanya kiwe cha mezani. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilikuwa kwenye orodha ya chakula. Jina lenyewe ni kama kusema "niinue". Unaona? Ni chakula cha mzazi! Kama sisi tunavyompa mzazi uji wa pilipili manga na supu. Ndiyo maana uliponitajia arobaini ya Zuhura moyo ulinirukaruka.

(Watu wa jimbo la jirani, Friuli Venezia Giulia, hawakubali. Wanasema kwao Tolmezzo kilikuwepo tangu miaka ya 1950 kwa mikono ya Norma Pielli, na mwaka 2017 wizara ilikiingiza kwenye orodha ya vyakula vya jadi vya jimbo lao. Nonna akisikia hivyo alikuwa anazima redio.)

Viini vilivyopigwa na sukari hapa vinaitwa sbatudin. Wazee, watoto, wagonjwa, wote walikuwa wakipewa. Nonna alinifundisha mwezi wangu wa kwanza, kabla sijajua hata kuomba maji kwa lugha yao. Alikuwa amekaa kitini, ananigonga mkono kwa kijiko kila nikipunguza kasi. Mwishoni hakuwa akimeza kitu kingine. Mwanaidi, wiki zile mbili za mwisho nilimpigia sbatudin kila asubuhi na kila jioni, na kila mara ananiuliza kama sukari ni ile ile.

Basi, mayai. Kwa desturi yanatiwa mabichi. Sijawahi kukuhadithia lililotokea Idi ya kuchinja ya mwaka 2019, kwa sababu niliona haya, na bado naona. Nilitengeneza trei kubwa, mayai mabichi, nikapanda nayo treni ya Agosti mpaka Padova, saa nzima kwenye joto lile, kisha ikakaa mezani mpaka watu wamalize kuswali na kula wali. Usiku ule watu watatu waliumwa tumbo, na mtoto wa Mariamu alilazwa siku mbili. Mtoto wa miaka minne! Mariamu hakunisema hata neno, na kule kutonisema ndiko kulikoniuma zaidi. Tangu siku hiyo kiini cha yai hakiingii kwenye chakula changu bila kupita motoni, hata cha Nonna nilikuwa nakipasha, alalamike asilalamike.

Na wewe hapo una mzazi, una watoto, una Bi Fatuma na umri wake. Una joto la Malindi na umeme unaokatika bila hodi. Vijidudu vya salmonela haviuliwi na friji, friji huvipunguza mwendo tu. Kwa hiyo nakuomba, kwa urafiki wetu, fanya hivi.

Chukua viini 12 na sukari robo kilo. Nusu kilo yao ni nyingi mno, hata Nonna, mtoto wa Treviso, alitia nusu yake. Weka kwenye bakuli la chuma juu ya sufuria ya maji yanayotokota polepole, bakuli lisiguse maji. Piga bila kupumzika. Ukipumzika utapata mayai ya kukaanga. Kama mdogo wako bado ana kile kipimajoto cha jikoni, kiazime: vuka nyuzi 70 na ukae hapo dakika chache huku unapiga. Kama hakipo, endelea mpaka mchanganyiko uwe mzito, umepauka, na ukiinua mchapo wa kupigia mayai unateremka kama utepe na alama yake inabaki juu. Mikono itakuuma. Toa, endelea kupiga mpaka upoe kabisa. Nimesema kabisa. Ukitia maskarpone kwenye mayai ya moto itayeyuka na utakuwa na mchuzi.

Maskarpone kilo 1 itoke kwenye friji, uilainishe kwa mwiko, kisha uichanganye na mayai polepole kwa mkono. Usiitie mashine kwa nguvu, itakatika, mafuta kando na maji kando, na hapo hakuna dawa. Maduka yanayouza vitu vya Kiitaliano hapo Malindi nadhani hayakosi, ila bei naiogopa. Ukiona inakuumiza, tengeneza mwenyewe: krimu nzito ya maziwa, ipashe mpaka nyuzi 85 hivi, tia ndimu kijiko kimoja cha kulia kwa kila nusu lita, koroga dakika chache, iache ipoe, kisha ichuje kwenye kitambaa safi ndani ya friji usiku mzima. Hupungua, kwa hiyo anza na nyingi.

Kahawa iwe nzito, bila sukari, na iwe imepoa. Mdila wa kina mama wa hapa ni moka, wewe pika kwenye sufuria tu, uchuje vizuri. Usitie tangawizi! Wala iliki. Nakujua. Chovya biskuti na kutoa, upande huu na upande huu, usihesabu hata mbili, maana zinanyonya kama sponji na trei nzima inageuka uji. Zipange, tandaza krimu, panga tena, krimu tena. Savoiardi zikikosekana, choma keki nyepesi ya mayai, ikate vipande virefu, uvirudishe kwenye oveni vikauke.

Kisha funika na uiache kwenye friji usiku kucha. Hapo ndipo inapoiva, usikubali mtu aifungue "aonje kidogo". Kakao chungu inyunyize kwa chujio la chai pale pale inapotoka kwenda mezani. Na isikae mezani wakati wa dua, Mwanaidi. Dua iishe, watu wale pilau, ndipo uitoe. Umeme ukikatika saa nyingi usiku ule, usiipeleke. Najua gharama, najua mikono ilivyouma. Usiipeleke. Nitakutumia mimi pesa ya maandazi.

Binti yake Nonna alinipa moka ya mama yake. Mpini umeungua upande mmoja, alikuwa anaisahau jikoni. Bado sijaitumia, imekaa dirishani. Nimeambiwa kuna familia nyingine inatafuta mtu, mzee mwanamume, karibu na mto, sijui... nitakwambia ikikaa sawa.

Sasa niambie. Zuhura ana hali gani hasa, analala? Mtoto amepewa jina gani, mbona hukulitaja? Baba yake amesharudi kutoka Muscat? Friji yako ni ile ile ya zamani, au utaomba ya jirani? Mayai utayatoa wapi, kwa yule yule wa sokoni, na unajua yana siku ngapi? Bi Fatuma atakula kweli, au atakaa tu aitazame? Na ile karatasi ya Mama niliyokuomba uipeleke kwa Mwalimu, ilifika?

Jaribu kwanza trei ndogo, viini 3 na maskarpone robo kilo, wiki moja kabla. Unipigie ukiwa juu ya sufuria, hata kama huku ni usiku, niione ikiwa nzito kwa macho yangu.

Mbusu mtoto wa Zuhura kwenye unyayo kwa niaba yangu.

Shoga yako,
Saumu