Saa 48 za nani?

Bwana Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lenu nikinyamaza, lakini ile habari yenu ya vijana waliopigwa ndani ya kasho, yaani mahabusu ya polisi, imenitoa kimya. Mwandishi wenu anamaliza kwa kusema kosa ni la askari wachache wasio na nidhamu. Wachache! Hebu mtuhurumie.

Mtoto wa dada yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Katuba. Alimtengenezea mtu geti, yule akalipa nusu, nusu iliyobaki akaanza kuizungusha, wakagombana. Ijumaa jioni polisi wakaja (mkaaji wa Lubumbashi haulizi kwa nini Ijumaa, parketi, ofisi ya waendesha mashtaka, haifunguliwi mpaka Jumatatu) wakamchukua yeye, mwenye kudai! Kumbe mwenye geti ana shemeji anayevaa magwanda. Dada akapeleka bukari, ugali wetu. Askari akaitumbua katikati kwa kidole, sijui akitafuta bunduki, kisha akadai pesa ndipo iingie. Kumwona mtoto, pesa nyingine. Karatasi ya kuandikia maelezo nayo tuinunue sisi. Jumatano wakamtoa, kandambili mkononi, kwa maana nyayo zilikuwa zimevimba hata haziingii. Walimpiga kwa waya wa umeme mpaka akatia sahihi kwamba atarudisha hata ile nusu aliyokwisha kulipwa. Geti bado liko kwa yule bwana, linafunguka vizuri.

Katiba yetu ya Kongo ya 2006, ibara ya 18, inasema saa 48, basi. Zikipita, mtu aachiwe au apelekwe mbele ya sheria. Ijumaa mpaka Jumatano ni saa ngapi? Ibara ya 61 inakataza mateso hata nchi ikiwa katika hali ya hatari, na sheria ya Julai 2011 inampa mtesaji kifungo cha miaka 5 mpaka 10. Sheria tunazo tele, kwa hiyo msiniletee wale wa kudai kamati mpya na semina za hotelini. Ubaya ni kwamba mtu mmoja anakamata, anahoji, anapiga, anashika ufunguo, tena ndiye anayepokea pesa. Mpe malaika kazi hiyo, kabla ya mwezi kuisha atakuomba ya soda. Wabelgiji walitawala kwa fimbo, Mobutu akawa na watu wake wa usiku, na mwaka 2019 Rais Tshisekedi alipotangaza kwamba kasho za siri za ANR, idara ya ujasusi, zifungwe tulipiga makofi. Hizi za kartye, za mitaani kwetu, nani amezigusa? Kila mkubwa anayeingia anakuta ufunguo mezani, na sijaona aliyeukataa.

Tena ufunguo wenyewe tumeulipia sisi. Mke wangu anauza makala, mkaa wa kupikia, sokoni. Kila siku lazima atoe taksi, yaani ushuru wa meza, auze asiuze, na tiketi mara anapewa, mara hapewi. Mbele ya meza yake kuna shimo limejaa maji tangu mvua za kwanza. Akiulizia tiketi anaambiwa nini? Kasho.

Pendekezo langu ni hili. Anayeteswa alipwe kutoka kwenye mshahara wa mkubwa wa kituo, si kutoka hazina, maana hazina ni sisi tena. Na ufunguo wa kasho apewe mama anayeuza mikate ng'ambo ya barabara. Anafika kabla ya jua, anajua deni la kila mtu na siku alilokopa, kuhesabu saa 48 hakutamshinda. Zikitimia, afungue, hata kama ni Jumapili. Bukari nayo aikague yeye. Angalau ananawa mikono.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi