Fildi ya sayansi ya mazingira isisubiri mvua ikatike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu shahada ya kwanza ya sayansi ya mazingira, ambayo kila msimu wa udahili huwasikia wazazi hapa Dodoma wakiibeza kwamba ni shahada ya kuokota chupa na kupanda miti. Mimi niliisoma kwa miaka mitatu na ndiyo inayonilisha hadi leo. Kemia ya maji, takwimu, elimu ya udongo, uchoraji wa ramani kwa kompyuta na sheria nilizofundishwa zingetosha kuwajibu wazazi hao, lakini leo nawaacha. Linalonikera mimi ni kalenda.

Kwa kawaida mwanafunzi wa shahada hii hupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe tunayaita fildi, kati ya Julai na Septemba, mitihani ya mwisho wa mwaka ikishapita. Sisi wa kanda ya kati tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na wastani wake hapa Dodoma haufiki milimita 600 kwa mwaka. Kwa hiyo kijana anaweza kufanya fildi zake zote katika kanda hii, akahitimu na kuvaa joho, bila kuona hata siku moja korongo likipitisha maji.

Yalinikuta mimi. Fildi yangu niliifanya katika ofisi moja ya umma wilayani Kondoa, mwezi Agosti, na sehemu kubwa ya wiki nane ilipita nikipanga majalada na kunakili mihtasari ya vikao ili kujaza kitabu cha kumbukumbu ambacho msimamizi alikisaini chote siku ya mwisho, kwa mkupuo. Mara moja tu nilipewa futi kamba nikapime upana wa korongo lililokuwa likila mashamba ya kijiji jirani. Nilipima vizuri, nikaandika namba zangu kwa kalamu nyekundu. Bibi mmoja aliyekuwa akichota maji kwenye kisima alichokifukua ndani ya mchanga wa korongo hilo hilo aliniangalia muda mrefu, kisha akasema, "Mjukuu wangu, ungekuja mwezi wa kwanza ungelisikia linavyonguruma."

Nilirudi Januari kwa nauli yangu. Kabla ya hapo nilikuwa nimechomeka vigingi vinane pembezoni mwa korongo, kila kimoja kikiwa na msumari uliopigiliwa usawa wa ardhi. Baada ya mvua moja kubwa ya alasiri, ambayo haikuzidi saa moja, misumari mitatu ilikuwa ikining'inia vidole viwili juu ya udongo, na kigingi kimoja sikukiona tena. Nilikuwa nimeshakariri darasani kwamba mvua za mwanzo ndizo zinazokula udongo zaidi kwa sababu zinaikuta ardhi ikiwa uchi, na nilikuwa nimeijibia swali la mtihani nikapata alama nzuri. Kuielewa nilianzia kwenye misumari ile. Hata habari za mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, ulioanza mwaka 1973 na kufikia hatua ya kuondoa mifugo yote katika maeneo yaliyomomonyoka ya Kondoa mwaka 1979, zilianza kuniingia akilini siku hiyo. Kabla yake nilikuwa nikiuona uamuzi huo kuwa ni ukatili mtupu wa serikali kwa wafugaji.

Si mmomonyoko peke yake. Bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, ndilo linaloinywesha Dodoma kwa visima virefu, na vina vya maji yake vimekuwa vikipimwa tangu miaka ya 1950. Watafiti waliozichambua kumbukumbu hizo waligundua kwamba bonde halijazwi taratibu na mvua ya kila mwaka, bali hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997/98, na miaka mingi katikati huongezewa kidogo sana au haiongezewi kabisa. Mwanafunzi anayepelekwa kwenye visima hivyo Agosti ataonyeshwa pampu na mita. Ni ziara nzuri, ila jambo lenyewe hulikosa.

Wazee wa Kongwa wana mfano mkali zaidi. Mwaka 1946 wataalamu wa Kiingereza walizunguka kwa wiki chache, sehemu ya safari wakiwa ndani ya ndege, wakaridhika kwamba nchi ile inafaa kwa karanga. Mwaka uliofuata mitambo ikaanza kung'oa vichaka, na kufikia 1951 mpango ukawa umefutwa. Udongo uliolainika wakati wa mvua uligeuka saruji kiangazi kilipoingia, karanga zikang'ang'ania ardhini. Walikuwa wasomi, tena wazuri, ila hawakuukaa mwaka mzima.

Tusidhani hayo yalikwisha na ukoloni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wahitimu wetu ndio wanaoandika ripoti hizo. Niliwahi kupewa niipitie ripoti moja, ya mradi nisioutaja, ambamo mkondo wa maji ya mvua ulikuwa umeandikwa "njia ya ng'ombe". Mwandishi hakudanganya, kwani alipofika pale Septemba alikuta samadi.

Najua wahadhiri watasema ratiba haibadilishwi kirahisi, fedha za fildi hutoka kwa utaratibu wake, na barabara za vijijini hazipitiki masika. Hilo la barabara ni kweli tupu. Hata hivyo, likizo fupi kati ya muhula wa kwanza na wa pili aghalabu huangukia Februari au Machi, mvua ikiwa bado ipo. Chuo kikizigawa wiki nane, sita zibaki kiangazi na mbili zihamie hapo, mwanafunzi atarudi mahali palepale alipopima Agosti, na hatahitaji kwenda mbali, kwani makorongo yapo hata ndani ya jiji.

Vigingi vyangu vilivyobaki ni vitano na daftari ninalo. Mhadhiri atakayetaka kuwaleta wanafunzi wake Februari, nitawapeleka mwenyewe, mradi waje na mabuti.

Wako,
Msomaji, Dodoma