Barua kwa mpwa wangu: ngazi za mashamba kwenye vilima vya Dorset

Mpwa wangu mpendwa,

Ukifika Worth Matravers, kusini mwa Uingereza, shuka kwa miguu hadi Winspit, pwani. Kushoto na kulia utaona vilima vyenye ngazi pana zilizofunikwa na nyasi. Usizipite ukidhani ndivyo vilima vilivyoumbwa. Hayo ni mashamba ya wakulima wa zama za kati.

Kila ngazi ina sehemu mbili: sakafu iliyolimwa na ukingo unaoteremka hadi sakafu ya chini yake. Plau ya kukokotwa na maksai ilipita ikikata mteremko, na kila mwaka udongo ukasogea chini kidogo. Upande wa juu wa shamba ukachimbika, upande wa chini ukajaa pale palipoachwa bila kulimwa. Ukiyajua matuta ya fanya juu ya Machakos, Kenya, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, utaelewa upesi: huko nako udongo unaokingwa ndio unaosawazisha shamba polepole.

Wakulima walilima huko juu kwa sababu watu waliongezeka sana katika karne ya 12 na ya 13, na ardhi ya mabondeni haikutosha. Kisha ikaja tauni ya mwaka 1348. Watu wakapungua, miteremko mingi ikaachiwa kondoo, na nyasi zikahifadhi umbo lake hadi leo.

Wengi huzichanganya ngazi hizi na vijia vya kondoo. Vijia ni vyembamba, mara nyingi havifiki hata nusu mita, tena vimesongamana na kuingiliana. Ngazi ya shamba ina upana wa mita kadhaa, maana maksai walihitaji nafasi. Ukikuta vishamba vifupi vyenye umbo la karibu mraba, shuku kuwa ni vya kale zaidi, vya kabla ya Warumi.

Nenda majira ya baridi, asubuhi au jioni, jua likiwa chini. Saa sita mchana wa kiangazi kivuli hupotea na kilima huonekana laini. Hata kwenye picha za laida (sura ya ardhi iliyopimwa kwa miali ya leza kutoka angani), ambazo kwa Uingereza hupatikana bure, usitumie mwanga wa kompyuta wa upande mmoja tu: mwanga ukienda sambamba na kingo, ngazi zote hufutika. Ugeuze mwanga huo mara tatu nne.

Tafadhali, usipande ukingo mvua ikiwa imenyesha. Nyasi zikichubuka, udongo huanza kumomonyoka, na sungura huchimba papo hapo. Kipima metali kiache nyumbani: kwa sheria ya mwaka 1979, kukitumia kwenye eneo la kale lililosajiliwa bila kibali ni kosa la jinai.