Kwa Swaleh, kuhusu mabango ya ami yako

Swahibu yangu Swaleh,

Salaam aleikum. Sisi huku Dar wazima, alhamdulillahi, watoto wanakusalimu.

Picha ulizonitumia za yale mabango ya sinema aliyoyaacha marehemu ami yako nimezitazama mpaka macho yakauma. Nakuomba jambo moja kabla ya yote: usiyapeleke kwenye laminesheni. Najua fundi wa fremu ameshakwambia yatapendeza. Lakini gundi ile huyeyushwa kwa moto ikazama ndani ya karatasi, na kuitoa bila kuharibu wino ni vigumu mno. Mkusanyaji anayejua kazi yake hatalitaka bango hilo tena. Selotepu nayo usiiguse. Bora mchaniko ulio wazi kuliko uliozibwa, maana gundi ya selotepu hugeuka kahawia kadiri miaka inavyokwenda, ikapenya mpaka upande wa picha.

Tandika shuka safi mezani, nawa mikono uikaushe vizuri, kisha ukunjue moja moja, polepole. Panapogoma, paache. Wala usipige pasi. Mikunjo yenyewe isikutie wasiwasi: mabango ya zama zile yalikunjwa ili yasafirishwe kwenda kwenye majumba ya sinema. Unachotafuta ni pale mikunjo miwili inapokutana, kwa kuwa hapo ndipo karatasi huchoka kwanza. Liinue bango mbele ya dirisha. Ukiona nukta ya mwanga kwenye makutano hayo, limeshatoboka. Kisha ligeuze. Mabaka ya maji, kutu ya pini na njia za mchwa huonekana wazi kwa nyuma, hata pale ambapo rangi imeyaficha mbele.

Lile la Mother India ndilo lililoninyima usingizi. Filamu ilitoka mwaka 1957, lakini ilionyeshwa upya miaka mingi baadaye na mabango yakachapwa tena, kwa hiyo umri wa filamu haukuambii umri wa bango. Tazama ukingo wa chini, kwenye herufi ndogo kabisa, utafute jina la mchapaji na anwani yake. Ikiwa baada ya neno Bombay pana tarakimu moja au mbili tu, hiyo ni dalili njema. Zikiwa sita, zinaanza na 400, basi halikuchapwa kabla ya Agosti 1972, India ilipoanzisha namba hizo za posta. Na ukisoma Mumbai kwa herufi za Kiingereza, karibu hakika ni la baada ya 1995, mji ulipobadilishwa jina rasmi. La Mughal-e-Azam nalo liangalie kwa jicho hilo hilo: filamu ya 1960 sehemu kubwa ilikuwa nyeusi na nyeupe, na iliyotiwa rangi yote ilitoka 2004. Bango likitangaza rangi mwanzo hadi mwisho, ni la juzi tu.

Pima pia kwa futi. Ya India mengi ni kama inchi 30 kwa 40, na yale mawili ya Marekani yanapaswa kukaribia 27 kwa 41. Likipungua, huenda kuna mtu alikata kingo kuficha michaniko, na hilo linashusha thamani sana. Ukiweza, azima ile taa ya zambarau ya kukagulia noti dukani. Karatasi nyingi za siku hizi huwaka buluu chini yake, ya zamani hubaki imefifia. Usihukumu kwa taa peke yake, lakini pale rangi ilipopakwa upya mara nyingi utapaona.

Ukimaliza, usiandike "hali nzuri" ukaishia hapo. Kila muuzaji ana "nzuri" yake. Andika kilichopo: mchaniko wa inchi mbili, ukingo wa kushoto, haujafika usoni mwa Nargis, yule mwigizaji mkuu wa Mother India. Hilo la uso ni kubwa kuliko urefu wa mchaniko wenyewe. Matundu ya pini pembeni, kwangu mimi, si aibu hata kidogo, na ukikuta nyuma muhuri wa jumba la sinema la Regal au la Naaz nitalipenda zaidi ya jingine safi lisilowahi kutundikwa. Wapo watakaokupunguzia bei kwa ajili ya muhuri huo, waache waende.

Kwa sasa yatoe kwenye kasha la bati, joto na unyevu wa Mombasa utayala humo. Yalaze bapa, yasiguse sakafu, mbali na jua, kila moja ndani ya karatasi isiyo na asidi. Lile lililokatika vipande litahitaji fundi wa kulitia mgongo wa karatasi ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano, ambayo hubanduka kwa maji ikibidi. Tutamtafuta pamoja. Huyo mnunuzi wa mjini anayekupigia simu kila jioni mwambie asubiri.

Nipigie picha ile kona ya chini ya Mother India, karibu, kwa mwanga wa mchana. Niko macho hadi saa sita usiku.

Nduguyo,
Hamisi